Mahari ya Mguu wa Kushoto

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, Jumapili moja ya mwanzo wa kiangazi, mchezaji wa kushoto wa timu ya mtaa wetu alipiga mpira ambao kipa wa timu ya kampi, makazi ya wafanyakazi wa kampuni, hakuuona ukipita. Saa naijua kwa sababu sikuwa nikitazama mchezo. Nilikuwa nikitazama saa ya mnara wa misioni. Saa kumi kamili mimi na baba yangu tulitakiwa kuwa nyumbani kwa mshonaji mmoja wa nguo, si mbali na kiwanja, atutajie mahari ya binti yake. Baba alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa chokaa, kofia mkononi, akipiga kelele kama mtu aliyeona nyumba inaungua.

"Baba, saa imefika," nilimwambia.

"Umeona? Umeona ile muguu?"

"Baba, bantu banatungojea."

"Bangojee kidogo. Ile mutoto hawezi kuondoka hapa. Haiwezekani."

Sikujua kwa nini alisema habari za kuondoka. Nilijua tu kwamba tumechelewa.

Siku hizi wazee wa timu wanapokutana baada ya misa, hupenda kuelezana namna kila mmoja alivyoanza kuipenda klabu. Mmoja alibebwa mabegani na mjomba wake. Mwingine alifuata ngoma. Wa tatu anasema ni kwa sababu ya Padri aliyegawa mkate kwa waliokuja kushangilia. Zamu yangu ikifika nasema nilianza kwa mahari, nao wanacheka, kwa kuwa wanadhani ni mzaha wa mtu asiyefanya mzaha mara nyingi. Wawili kati yao walikuwapo. Hao nao hucheka.

Tulifika kwa mshonaji jasho likitutoka. Alikuwa mtu wa Kasai, amesoma, alishona kanzu za mapadri na suruali za makarani wa mjini, na hata siku ile ya Jumapili utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, kisha akamwangalia baba.

"Papa, banasema mupira uliwachelewesha."

"Tumefunga goli moja, papa. Moja, lakini goli ya kweli."

"Bon. Goli moja kwenu. Kwangu elfu moja."

Baba alicheka peke yake. Mshonaji aliendelea kwa utulivu. Alitaka faranga elfu moja, zote pamoja, juu ya meza, kabla ya mvua kubwa kuanza. Karani mmoja wa kwao alikuwa amekwisha kuuliza habari za binti yule, naye hakutaka kumfungia mlango bila sababu.

"Musinileteye nusu leo, nusu mwaka ijao," alisema. "Mi sishonake suruali ya muguu moja."

Binti yake alitusindikiza hadi langoni. Tulikuwa tumezungumza kwa mwaka mzima kwenye ua wa kanisa, mimi na yeye, kila mara mbele ya watu, na nilikuwa nimemwazima kamusi yangu ya Kifaransa isiyo na jalada, nayo ilirudi ikiwa imeshonewa jalada la kitambaa cha bluu. Aliniambia kwa sauti ndogo:

"Siku ya ndoa, mumufungie baba yako mu nyumba. Asikuye na mupira."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, kwa kuwa hesabu ilikuwa nyepesi. Wazazi wangu walitoka upande wa Mitwaba, na kwetu kinachoingia kwa ajili ya dada ndicho kinachotoka kwa ajili ya kaka. Mimi nilikuwa na mdogo wangu mmoja wa kike, umri wa kuolewa, na baba alikuwa amekwisha kutangaza mbele ya jirani na ndugu kwamba mahari yake ni faranga elfu moja na mia mbili. Kijana mmoja wa karakana ya reli alikuwa ameisikia bei hiyo na hakukimbia. Mimi mwenyewe, katika ghala la vipuri nilikofanya kazi, nilikuwa nimeweka akiba ya faranga mia mbili na hamsini. Kwa hiyo mdogo wangu akiolewa, nami nitaoa, na itabaki ya kununua vyungu na kitanda.

Wapenzi wa timu walikuwa na desturi ya kukutana uani kwetu, kwa sababu mama alitengeneza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, usiochacha haraka na baba alikuwa na mabenchi mawili ya mbao za reli. Rais wao alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mwenye sauti kubwa na mikono myeusi ya mafuta. Jumapili iliyofuata walikuja wengi kuliko kawaida, na hawakuimba.

"Kuna Muzungu wa kampuni moja, ya muji ingine," alisema fundi wa baiskeli. "Amekuya kuangalia kushoto yetu. Anamupatia kazi, anamupatia nyumba ya matofali."

"Tumupe falanga," mmoja alisema.

"Falanga gani? Ile ya kwako ya kunywa, ama ile ya kwangu ya kulipa deni?"

Walicheka kidogo. Hatukuwa na kampuni nyuma yetu. Timu ya kampi ilikuwa na viatu, daktari na nyama siku ya mchezo; yetu ilikuwa na watu wanaochanga. Ndipo fundi wa baiskeli akasema neno ambalo nadhani alilileta limeiva tayari kutoka nyumbani kwake.

"Ile kijana haina bibi. Akipata bibi hapa, na bukwe hapa, na mutoto hapa, ataenda wapi?"

"Mais ndiyo!" walisema. "Tumuoeshe!"

"Mali tutachanga siye bote. Atakuwa mukwe ya kartier, ya mutaa muzima."

"Sawa. Binti ya nani?"

Karibu kila mmoja wao alikuwa na binti nyumbani. Niliwaona wakitazama vikombe vyao. Kushangilia ni kazi moja. Kumpa binti mtu asiye na kitu ila mguu wake ni kazi nyingine. Mama, aliyekuwa akimimina, akaacha kumimina.

"Yangu," baba alisema.

Mdogo wangu alikuwa jikoni akisonga bukari. Alitoka na mwiko mkononi, mvuke bado unatoka kwenye mwiko.

"Baba, mi niko mupira? Munanipasiana?"

"Mutoto, uheshimu bantu. Unamujua, ni kijana muzuri."

"Namujua muguu yake moja tu!"

Walicheka wote, hata mama, halafu mama akaacha kucheka kabla ya wengine. Mdogo wangu alirudi jikoni. Hakuna aliyemuuliza tena, wala aliyemtaja kijana wa karakana.

Sitaki kumsema vibaya yule kijana zaidi ya alivyostahili. Alitoka Kasenga, kwenye familia ya wavuvi wa Luapula, alikuwa mpole, hakunywa, na mara ya kwanza alipokuja kutusalimu alileta samaki wakavu wamefungwa kwa majani, akampa mama kwa mikono miwili. Alimwita mdogo wangu "mademwazeli" hadi akamchekesha. Baada ya majuma machache mdogo wangu ndiye aliyefua fulana yake, na aliianika ndani ya nyumba, si nje, watu wa kampi wasije wakaigusa na kuitia dawa. Siku moja tulikuwa tunarudi pamoja kutoka kisimani naye akaniambia:

"Shemeji, mi napenda hapa. Bantu bananipenda. Lakini miguu yangu itakimbia miaka ngapi? Kumi? Kiisha banipe nini, kelele?"

Ilikuwa hoja nzuri, na ningeifikiria zaidi kama sikuwa nikihesabu mahari yake kuwa yangu.

Siku ya mahari uani palijaa. Mjomba wa yule wa kushoto alikuwa amepanda gari la samaki kutoka Kasenga, nguo zake zikinuka safari, naye alikuja na faranga mia tatu. Beseni ya bati ilipitishwa kati ya wapenzi wa timu. Kila aliyetia alitajwa na kupigiwa makofi, na aliyetia kidogo alipigiwa makofi ya polepole, ya kumwaibisha, hadi akaongeza. Pamoja na makofi yote hayo zilipatikana mia nne. Fundi wa baiskeli alihesabu mara mbili. Mia saba zilikuwa mezani, na baba alikuwa ametaja elfu moja na mia mbili.

Mtu mwingine angesema: basi, mia saba zinatosha, kwa ajili ya timu. Hivyo ndivyo wao walivyotazamia. Au angesema: rudini na pungufu baadaye. Baba hakuweza kusema lolote kati ya hayo. Bei aliitaja mbele ya watu, na kuipunguza mbele ya watu wale wale ilikuwa kusema kwamba binti yake ana thamani ya mia saba. Wakati huo huo hakuweza kumwacha yule wa kushoto aende. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kopo lake la akiba. Alitia mia tano katika beseni, faranga zake mwenyewe, kisha akaketi, na beseni ile ikaletwa mbele yake kwa heshima kama mahari kamili ya mtoto wake.

Makofi yalikuwa makubwa. Mama alisimama nyuma yangu.

"Unajilipa mwenyewe?" alimwambia baba, bila kupaza sauti.

"Mama, nyamaza. Iko kamili sasa."

"Kamili ya nani?"

Fundi wa baiskeli alipaza sauti kuliko wote: "Papa iko supporteur ya kwanza mu Élisabethville muzima!" Baba alitabasamu kama mtoto wa shule aliyepewa picha ya mtakatifu.

Kesho yake nilimuuliza habari zangu. Alikuwa akinyoa mbele ya kipande cha kioo.

"Baba, na yangu?"

"Yako iko ndani ya ile ile."

"Ile ile ilitoka mu kopo yako. Haikuingia kitu."

"Mia saba iliingia. Wewe si unajua hesabu? Hesabu muzuri."

Ndoa ilipokwisha, nilihesabu vizuri. Zilizoingia kutoka nje zilikuwa mia saba. Karamu, mbuzi, pombe ya watu wote wale, nguo za bibi harusi, na viatu vya ngozi vya kuchezea ambavyo baba alimnunulia mkwe wake katika duka la Mgiriki mjini, vyote pamoja vilikula mia tano. Kwa hiyo katika kopo, ukiweka na zile mia tano za zamani, zilibaki mia saba. Pamoja na mia mbili na hamsini zangu, ilikuwa mia tisa na hamsini. Nilikwenda kwa mshonaji na hesabu hiyo, nikamweleza bila kuficha kitu.

"Inabakia hamsini," alisema.

"Ndiyo, papa. Mishahara miwili, nitaiweka."

Alifikiri, akavuta utepe wake shingoni upande mmoja na mwingine.

"Suruali imeisha, kifungo tu inakosa. Bon. Nakungojea paka mvua. Lakini mvua ikianza, mi sina maneno tena."

Binti yake alikuwa chumba cha pili kwenye cherehani, na cherehani ilisimama tulipokuwa tukizungumza. Nilipotoka, nilisikia imeanza tena, kwa kasi. Nilidhani anashona kanzu ya padri. Baadaye niliambiwa alikuwa ameanza gauni lake.

Katika majuma yaliyofuata yule wa kushoto alikaa katika chumba cha nyuma kwetu pamoja na mdogo wangu, kwa kuwa hawakuwa bado na nyumba, na timu ilishinda kila Jumapili. Sikwenda kiwanjani hata mara moja, wala sikuweza kuweka kitu, kwa kuwa mshahara uliishia kulisha nyumba iliyoongezeka mtu. Siku ya fainali, dhidi ya kampi, nilikuwa kwenye baraza ya mshonaji nikimsomea gazeti la zamani la Kifaransa, kwa maana macho yake yalikuwa yakichoka. Kelele za goli la kwanza zilitufikia juu ya mapaa, kisha za la pili.

"Ni mukwe yenu," mshonaji alisema.

"Ni shemeji yangu, papa. Mukwe ni ya baba."

"Ni mukwe ya muji muzima, naona."

Binti yake alicheka mlangoni. Ilikuwa alasiri nzuri, na nimekaa nayo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Siku chache baada ya kombe, shemeji alituambia kwamba mjomba wake wa Kasenga amefariki, yule mjomba wa mahari, na lazima aende kumlilia. Mama alimpa unga. Mdogo wangu alitaka kwenda naye; mumewe alimwambia barabara ni mbaya kwa mwanamke mwenye mimba. Mimba ile ilikuwa ya mwezi mmoja, naye mdogo wangu alikuwa amemwambia yeye na mama tu. Shemeji aliondoka asubuhi, akisema anakwenda kungojea gari la samaki.

Kasenga haina treni. Baba alikuwa kazini stesheni siku hiyo, kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa, na alikuwa chini, kati ya behewa na behewa, akikaza minyororo ya treni iendayo upande mwingine kabisa. Alipopanda kwenye jukwaa na kuinua bendera, treni ikaanza, na katika dirisha la daraja la nne akamwona mkwe wake. Viatu vya ngozi vilikuwa vimefungwa kwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Baba alisema kijana yule alimwona pia, na alimpungia mkono kwa adabu, kama mkwe anavyompungia baba mkwe wake.

"Na wewe ulifanya nini?" mama alimuuliza.

"Niliinua bendera. Ilikuwa kazi."

Mdogo wangu hakulia mbele yetu. Alichukua fulana iliyokuwa bado ndani, imeanikwa kwenye kamba juu ya kitanda, akaikunja, akamrudishia fundi wa baiskeli yeye mwenyewe, kwa miguu, mchana, mtaa mzima ukimwangalia.

Juma halikuisha kabla wapenzi wa timu hawajafika uani. Mama hakuwapa kitu. Waliketi kwenye mabenchi yale yale. Fundi wa baiskeli alizungumza kwa adabu kubwa, nami nilijua kutokana na adabu ile kwamba amekuja kuchukua.

"Papa, tunakupa pole. Tunamupa pole na mama, na mutoto. Lakini iko neno. Ndoa imekufa."

"Haijakufa," nilisema. "Bwana ndiye amekimbia."

"Wewe, uache bakubwa baseme. Ndoa imekufa. Ndoa ikikufa, mali inarudia kwa benye kuitoa. Si ndiyo desturi, papa?"

"Ndiyo desturi," baba alisema.

"Benye kuitoa ni nani? Siye. Mia ine."

Sikuweza kunyamaza. Niliwaambia kwamba desturi ile ni ya mke anayeondoka, si ya mume anayetoroka; kwamba bibi yupo hapa, na mimba ipo hapa, na aliyevunja yuko ndani ya nyumba ya matofali katika mji mwingine, waende wakamdai yeye. Niliwaambia kwamba hawakuoa wao. Mzee mmoja kati yao, ambaye leo ni mmoja wa wale wawili wanaocheka, alinijibu:

"Tulitoa falanga ju ya kushoto. Kushoto haiko. Wewe ukinunua baiskeli, ikose gurudumu, utalipa?"

"Na dada yangu ni nini mu ile baiskeli?"

Mmoja, kwa kutaka kupoza mambo, alisema, "Papa naye alitoa mia tano. Haki iko haki. Papa naye ajirudishie ya kwake." Walicheka kwa mara ya kwanza siku ile, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomshinda baba, kwa sababu naye alicheka. Mtu akishacheka na wadai wake hawezi tena kukataa.

Aliingia ndani. Nilimfuata.

"Baba, ile ni yangu. Inakosa hamsini tu. Mvua iko karibu."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku.

"Bakisema mu kartier kama nilikula mali ya timu, nitapita wapi?" alisema. "Nitasimama wapi siku ya mungu?"

Siku ya mungu kwetu ni Jumapili, na niliwahi kufikiri kwamba alimaanisha kanisani. Alimaanisha kiwanjani. Nilielewa hivyo miaka mingi baadaye, alipokuwa amestaafu na hawezi kutembea vizuri, na bado alitaka kupelekwa kwenye mstari ule wa chokaa, mahali pale pale.

Alihesabu mia nne, akazitoa nje, akaziweka mikononi mwa fundi wa baiskeli. Waliondoka wakimshukuru. Mama alivuta mabenchi yote mawili ndani ya nyumba na tangu siku ile hakutengeneza tena munkoyo kwa ajili ya timu.

Mvua ilianza juma lililofuata, Jumanne. Nilikwenda kwa mshonaji siku hiyo hiyo nikiwa nimelowa. Zilikuwa mia tano na hamsini, katika bahasha, za kwangu na zilizobaki katika kopo. Hakuzihesabu. Alisikiliza habari yote hadi mwisho, kuhusu treni, viatu, mabenchi, na mara mbili alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mutoto yangu," alisema, "wewe ni muntu ya akili. Lakini mi nikikupatia binti leo, kesho baba yako atapata mushambuliaji mwingine."

"Papa, nipe mpaka mwaka mpya."

"Nilikuambia paka mvua. Sikiliza."

Ilikuwa inapiga kwenye bati. Tulisikiliza wote wawili.

Binti yake hakutoka chumba cha pili. Cherehani haikulia. Nilipofika langoni alinikimbilia na gazeti juu ya kichwa, akanirudishia kamusi, ambayo nilikuwa nimemwazima tena.

"Nilikuambia umufungie," alisema. Alitaka iwe mzaha, lakini alikuwa amekwisha kugeuka kurudi ndani. Aliolewa na karani kabla ya Krismasi. Nilimwona siku ya ndoa akitoka kanisani. Gauni lilikuwa limeshonwa vizuri sana.

Miezi miwili baadaye, siku ya kwanza ya msimu mpya, nilikuwa nikipita karibu na kiwanja nikitoka kazini, kwa sababu ghala lilikuwa limetufungulia hata Jumapili. Timu yetu iliingia. Walikuwa na fulana mpya za kijani, zote sawa, zenye kola nyeupe, na mpira mpya wa ngozi ambao bado ulikuwa na rangi ya mkate. Fundi wa baiskeli alikuwa mbele, akitembea kama bwana harusi. Nikamuuliza jirani zimetoka wapi. Akasema, "Hujui? Ni mia ine ile walirudishiwa."

Nilisogea hadi kwenye mstari. Nilitazama mchezo wote, tangu mwanzo hadi filimbi ya mwisho, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kijana mmoja aliyewekwa upande wa kushoto alikuwa mzito na aliupoteza mpira kila alipoupata, na mara ya tatu nilijikuta nikimpigia kelele, maneno ambayo sikujua ninayo. Watu waligeuka. Baba, aliyekuwa mbele kidogo, aligeuka pia, akaona ni mimi, akaniachia nafasi karibu naye. Nilikwenda nikasimama hapo. Zile fulana zilikuwa zangu kuliko za mtu yeyote uwanjani, na sikuona sababu ya kuziacha zikimbie bila mimi kuziangalia. Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sijakosa Jumapili nyingi tangu hapo, na sijawahi kufurahi kikweli hata tuliposhinda.

Nilioa baadaye sana, mjane mwenye moyo mzuri, na baba yake hakutaka chochote ila heshima. Shemeji alirudi mara moja tu, akiwa na fulana ya kampuni ile, akatufunga goli kwa mguu ule ule. Watu wetu walimzomea, kisha wakamtafuta dada yangu kati ya umati ili wamzomee naye. Hakuwako. Alikuwa nje ya lango, mtoto mgongoni, akiuza mikate ya kukaanga, kwa sababu siku ya mchezo watu hula sana. Bado anauza hapo. Wazee wa timu hununua kwake, wanamwita shemeji hadi leo, na wanataka awaongezee mmoja wa bure.

"Munashinda?" huniuliza ninapotoka.

"Tunashinda."

"Bon. Nilipe."

Mwaka jana, baada ya kumzika baba, nilifungua kopo lake na kuifanya hesabu yote upya, kwa kuwa mama alitaka kujua. Ziliingia mia tatu za mjomba wa Kasenga na mia nne za wapenzi wa timu. Zilitoka mia tano za karamu na viatu, na mia nne zilizorudishwa. Baba alianza na mia tano, akabaki na mia tatu. Mama alinisikiliza, akaniambia nirudie, kwa kuwa siku zote alidhani ilikuwa nyingi zaidi. Nilirudia, ikawa ile ile. Nyumba yetu ilipoteza faranga mia mbili.